Chekechea ya Umma Nchini Kenya: Namna ya Kumpatia Mtoto Nafasi na Kuifuata Pesa Yake Hadi Kwenye Bajeti ya Kaunti

Kila Januari mambo ni yale yale. Mzazi anamshika mkono mtoto wake wa miaka minne, anafika shule ya umma iliyo karibu, anaambiwa PP1, darasa la kwanza la chekechea, imejaa. Au darasa lipo ila mwalimu hayupo. Au mwalimu yupo, lakini mshahara wake unachangwa na wazazi. Hasira zote zinamwangukia mwalimu mkuu, na jioni mtu anatoa wazo la kumpigia mbunge simu. Mwalimu mkuu hana darasa la kuwapa. Mbunge naye hana. Darasa hilo lilipitishwa, au liliachwa nje, miezi kumi na sita iliyopita, kwenye waraka wa kaunti ambao wazazi wengi hawajawahi kuutia machoni.

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Kenya aliye na mtoto wa kuandikisha sasa, na vilevile wa yule anayetaka kijiji au mtaa wake upate chekechea yake. La kwanza ni kazi ya siku chache. La pili ni kazi ya mwaka na zaidi, na ndilo nitakalolikalia, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopoteza nguvu zao kwa kubisha mlango usio wenyewe, katika mwezi usio wake.

Hatua ya kwanza: jua mlango ni wa nani

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Elimu ya chekechea iko upande wa kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Kuanzia gredi ya kwanza kwenda juu ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba chekechea nyingi za umma ziko ndani ya ua wa shule ya msingi. Lango ni moja, kengele ni moja, lakini serikali ni mbili. Mwalimu wa gredi ya kwanza ameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Mwenzake wa PP2, ambaye darasa lake linapakana na lile, ameajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ingawa naye anatakiwa awe amesajiliwa na TSC. Mgao ambao serikali ya kitaifa hutuma shuleni kwa kila mwanafunzi wa msingi, ambao kwa miaka mingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, hauwahesabu watoto wa chekechea. Hata elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, chekechea iliachwa nje.

Ndiyo maana mwalimu mkuu anaweza kukuonyesha darasa lenye rangi mpya upande mmoja wa uwanja na kibanda cha mabati upande wa pili, na asiwe amependelea yeyote. Ndiyo maana pia kumwendea mbunge hakusaidii sana: mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, kwa sheria yake ya 2015, ni wa kazi za serikali ya kitaifa. Na chifu, ambaye ndiye tumezoea kumpelekea kila jambo, ni afisa wa serikali ya kitaifa pia. Anaweza kuitisha baraza na anaweza kuandika barua ya utambulisho, lakini bajeti ya chekechea haipiti kwake.

Watu wako ni hawa: msimamizi wa wadi, afisa anayesimamia ECDE, yaani elimu ya chekechea, katika wadi au kaunti ndogo, mwakilishi wadi ambaye sote tunamwita MCA, waziri wa elimu wa kaunti, na waziri wa fedha wa kaunti. Huyo wa mwisho husahaulika, ilhali nyaraka zote za pesa hutoka mezani kwake.

Hatua ya pili: mwandikishe mtoto wa sasa

Chekechea ni ya miaka miwili, PP1 na PP2, kwa watoto wa umri wa miaka minne na mitano. Usingoje Januari. Nenda shuleni muhula wa tatu ukiendelea, wakati walimu wanapanga madarasa ya mwaka ujao na hakuna foleni.

Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na kile kitabu cha kliniki chenye chanjo. Kama cheti bado, kiombe mapema. Maombi hupitia ofisi ya usajili wa raia ya kaunti ndogo au Huduma Centre, na naibu wa chifu huhusika pale ambapo mtoto alizaliwa nyumbani. Mtoto asikae nyumbani kwa sababu ya karatasi. Omba aanze huku cheti kikifuatwa, na uonyeshe kitabu cha kliniki kama uthibitisho wa umri.

Kama mtoto ana ulemavu, au unahisi anachelewa kusema au kusikia, mpitishe kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, kabla muhula haujaanza. Barua ya kituo hicho ina uzito unapodai mwalimu, kifaa au njia ya kuingilia darasani.

Sasa suala la pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Inaruhusu malipo mengine kwa idhini maalumu, ila kwa masharti mawili ambayo yafaa uyashike: mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa malipo hayo, na anayepokea pesa atoe risiti rasmi. Shule ya umma pia haifai kumpa mtoto mtihani wa kumchuja ndipo aandikishwe. Ukiambiwa kuna mchango wa uji, wa mlinzi au wa mwalimu wa ziada, usianze kwa ugomvi. Omba risiti, na uulize kwa upole ni nani aliyeidhinisha. Mara nyingi utagundua kwamba ni wazazi wenyewe waliokubaliana mkutanoni baada ya kaunti kukosa kuleta mwalimu. Hapo mkosaji si shule, na risiti hizo zitakuwa ushahidi mzuri huko mbele.

Uji na chakula uulizie kwa afisa wa ECDE, kwa sababu kila kaunti ina mpango wake. Nairobi ilianzisha Dishi na County mwaka wa 2023, ambapo mtoto wa shule ya umma, pamoja na wa chekechea, hupata chakula cha mchana kwa mzazi kuchangia shilingi 5. Kiambu ina mpango wa uji kwa chekechea zake. Kwingine hakuna chochote isipokuwa kile ambacho wazazi wanapika.

Ukiambiwa nafasi hakuna, usigeuke tu na kwenda zako. Uliza mambo matatu: daftari la darasa lina watoto wangapi, walimu ni wangapi, na chekechea ya umma inayofuata iko wapi. Kisha omba jina la mtoto liandikwe kwenye orodha ya wanaosubiri. Kama orodha haipo, pendekeza ianzishwe. Mtoto aliyekataliwa bila jina lake kuandikwa popote hahesabiki kwenye mpango wowote.

Na mtoto aliye chini ya miaka minne? Vituo vya malezi vimo katika orodha ya kazi za kaunti, lakini kwa sehemu kubwa ya nchi vimeachwa mikononi mwa watu binafsi, wengi wao kina mama wanaolea watoto wa majirani katika chumba kimoja. Kama mtaa wenu una uhitaji huo, njia ya kuudai ni ile ile inayofuata hapa chini.

Hatua ya tatu: shika kalenda ya pesa

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Na maamuzi ya mwaka huo wa fedha huanza karibu mwaka mzima kabla. Asiyezijua tarehe hizi atapiga kelele Februari kuhusu darasa ambalo hatima yake ilifungwa kitambo.

Tuseme mnataka darasa lifunguliwe Januari 2028. Tembea nyuma nami.

Pesa za kulijenga lazima ziwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha wa 2027/28, unaoanza Julai 2027. Ili mradi uingie kwenye bajeti hiyo, unapaswa kwanza kuwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao maafisa huuita ADP. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iuwasilishe mpango huo kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa 2027/28, ni Septemba 1, 2026. Maana yake maoni yenu yanapaswa yawe yamefika Julai au mapema Agosti 2026, wakati waraka bado unaandikwa.

Inayofuata ni tarehe 28 Februari 2027. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kikomo cha kila idara: elimu kiasi hiki, afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Watu hawaupendi waraka huu kwa sababu umejaa majedwali na hautaji vijiji. Lakini kikomo cha idara ya elimu kikishawekwa chini, miradi ya chekechea itaanza kung'olewa mmoja mmoja hata kama ilikuwemo kwenye ADP.

Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe ya bajeti hupelekwa bungeni. Kamati ya bajeti huyajadili na kuwasikiliza wananchi mwezi wa Mei, na sheria ya matumizi inapaswa kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Wengi hufikiri hapa ndipo pa kupigania. Si hivyo. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, nyongeza au punguzo katika fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu hilo. MCA wako anaweza kuwa mkali kama pilipili, lakini mwezi wa Juni anagombania vijisenti. Vita vyenyewe vilikuwa Agosti na Februari.

Juu ya yote hayo kuna CIDP, mpango wa miaka mitano. Zinazotumika sasa ni za 2023 hadi 2027. Fungua ya kaunti yako utafute jina la wadi yako. Kama chekechea yenu imetajwa humo, lisemeni hilo katika kila barua, kwa sababu ADP hutakiwa kuifuata CIDP. Kama haimo, bado mnaweza kuomba, ila jiandaeni pia kwa uchaguzi wa Agosti 2027, maana baada yake kila kaunti itaandika CIDP nyingine. Kijiji kitakachokwenda na takwimu zake katika miezi hiyo kitakuwa kimejiwekea akiba ya miaka mitano.

Tanbihi ndogo kuhusu kaunti inayosema haina pesa. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26, kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa shilingi bilioni 415 kutoka hazina ya kitaifa, mbali na mapato yao wenyewe ya leseni, maegesho, masoko na kodi ya ardhi. Ni kweli pesa hizo huchelewa kufika, na malimbikizo ya madeni ya wanakandarasi ni mzigo halisi. Lakini sheria pia inazitaka kaunti zielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo. Swali la kumuuliza afisa ni mradi gani umepewa nafasi kabla ya wenu, na kwa kigezo gani.

Hatua ya nne: wahesabu watoto

Kabla hujaandika barua yoyote, pata idadi. Si makadirio ya "tuko wengi hapa". Wazazi wanne wakigawana nyumba za kijiji wanaweza kumaliza kazi hii wikendi moja, kwa daftari la kawaida lenye mistari: mtoto ana miaka mingapi, yuko shule au hayuko, anatembea umbali gani, na njiani kuna nini. Majina ya watoto yabaki kwenye daftari lenu. Kwenye barua pelekeni jumla tu.

Andikeni watoto wa mwaka mmoja, miwili na mitatu pia. Hao ndio watakaolijaza darasa likikamilika, na afisa wa mipango akiona mmewahesabu anajua anaongea na watu wanaoelewa kazi.

Kisha tafuteni ardhi. Miradi iliyokufa kwa sababu ya ardhi ni mingi kuliko iliyokufa kwa kukosa pesa. Kama ni ndani ya ua wa shule ya msingi, bodi ya usimamizi ya shule iandike barua ya kukubali. Kama ni kiwanja cha kanisa, msikiti au familia, ahadi ya mdomo haitoshi hata kama mzee ametoa kwa moyo mweupe. Akifariki, watoto wake wanaweza kuufunga mlango. Kiwanja kihamishwe rasmi kiwe cha umma kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Hatua ya tano: andika barua inayoweza kuingia kwenye jedwali

Afisa anayeandaa ADP anajaza jedwali lenye safu: jina la mradi, mahali, shughuli, gharama, wanufaika, chanzo cha pesa. Barua inayolalamika kurasa tatu haimpi cha kujaza. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja na inaonekana hivi (idadi na umbali ni mfano tu):

"Kwa Waziri wa Fedha na Mipango wa Kaunti. Nakala: Waziri wa Elimu wa Kaunti, Karani wa Bunge la Kaunti, Mwakilishi Wadi, Msimamizi wa Wadi.

Kuh: Maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka 2027/28 – chekechea ya kijiji chetu.

Sisi wazazi na walezi tunaomba mradi ufuatao uingizwe kwenye mpango. Tulipohesabu nyumba kwa nyumba mwezi Juni tulipata watoto 71 wa miaka minne na mitano. Chekechea ya umma iliyo karibu iko umbali wa kilomita 4, ng'ambo ya mto usiovukika wakati wa mvua. Ina darasa moja na mwalimu mmoja, na daftari lake lina watoto 63.

Tunaomba, chini ya bajeti ya maendeleo: madarasa mawili, vyoo vya watoto na tangi la maji. Chini ya matumizi ya kawaida ya Idara ya Elimu: walimu wawili na vifaa vya kufundishia. Ardhi ipo, barua ya bodi ya shule imeambatishwa. Tunaomba kujibiwa kwa maandishi."

Tazama jinsi ombi lilivyogawanywa. Bajeti ya kaunti ina mikoba miwili. Majengo hutoka kwenye maendeleo. Mishahara hutoka kwenye matumizi ya kawaida. Mikoba hii huamuliwa na watu tofauti na mara nyingi haisemezani. Ukiomba darasa peke yake unaweza kupewa darasa peke yake, likakatwa utepe, likafungwa kufuli, na mbuzi wakapata kivuli kizuri. Kaunti ikikwambia haiwezi kuajiri kwa sababu mishahara imevuka kikomo cha asilimia 35 ya mapato yake, hiyo ni hoja ya kweli kisheria, lakini uliza imeajiri wangapi katika idara nyingine mwaka huo huo.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi nawe ikiwa imegongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri, kwa ofisi nyingi, haikufika.

Hatua ya sita: nenda kwenye mkutano wa maoni, lakini nenda umejipanga

Katiba inadai wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma, na mahakama zimeonyesha kwamba hilo si mapambo. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila kaunti huogopa kupitisha bajeti bila picha za mkutano na orodha ya waliohudhuria.

Ndiyo hiyo orodha ya waliohudhuria inayonipa shaka. Mikutano mingi huitwa kwa tangazo la gazetini ambalo kijiji hakisomi, ikafanyika saa nne asubuhi ya siku ya kazi, waraka ukagawiwa papo hapo, na watu wakaondoka na soda. Kwa hiyo omba waraka mapema kwa msimamizi wa wadi. Tafuteni ukurasa wa idara ya elimu, mkubaliane nani atasema nini, na msemaji asome mistari mitatu kisha akabidhi barua. Mzungumzaji mmoja mwenye idadi huandikwa. Watu kumi wanaosema "tumesahaulika" huandikwa kama "wananchi walilalamika". Kabla hamjatoka, mwambieni anayeandika kumbukumbu awasomee alichoandika kuhusu kijiji chenu. Si utovu wa adabu.

Makueni imejijengea jina kwa mfumo unaoanzia kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti, ambapo wananchi wenyewe hupanga miradi kwa kipaumbele na huchagua kamati za kuifuatilia. Kama kaunti yako haina mfumo huo, hakuna kinachowazuia kufanya mkutano wenu wenyewe wa kijiji wiki moja kabla, mkaenda mkiwa mmeshakubaliana mradi mmoja. Kijiji kinachoomba chekechea, bwawa, daraja na taa kwa pumzi moja hupewa kile kilicho rahisi kwa afisa.

Hatua ya saba: dai karatasi

Bajeti ikishapita, tafuta kama mradi umo, kwa jina na kwa kiasi. Nyaraka hizi zinapaswa kuwa kwenye tovuti ya kaunti. Zikikosekana, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hii ni rafiki kuliko watu wanavyodhani. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa akamwandikia. Huhitaji kueleza sababu. Kuomba hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu.

Omba kitu mahususi. "Naomba taarifa za ECDE" itakuletea kimya. "Naomba nakala ya ukurasa wa bajeti iliyoidhinishwa ya 2027/28 unaoonyesha miradi ya chekechea ya wadi yetu, jina la mwanakandarasi na thamani ya kandarasi" ni ombi ambalo karani anaweza kulitimiza kwa dakika kumi. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Kuna njia nyingine isiyohitaji ruhusa ya mtu. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka kuhusu matumizi ya kaunti zote. Humo utaona idara ya elimu ya kaunti yako ilitengewa kiasi gani kwa maendeleo na ilitumia kiasi gani. Robo tatu zikipita na matumizi yakiwa karibu na sufuri, usingoje kuambiwa.

Jihadhari sana na bajeti ya nyongeza. Hii huletwa katikati ya mwaka wa fedha, mara nyingi bila kishindo, na ndani yake miradi iliyopitishwa Juni hupunguzwa au hufutwa ili pesa ziende kwingine. Mwombeni karani wa bunge la kaunti awaarifu ikiwasilishwa, kisha mwiambie kamati ya bajeti kwamba mradi wenu usiguswe.

Hatua ya nane: linda ujenzi

Mwanakandarasi akifika, kamati ya mradi ya wazazi ipate nakala ya BQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi. Fundi yeyote wa kijijini anaweza kuwasomea: nondo za ukubwa gani, simenti mifuko mingapi, mabati ya geji gani, madirisha mangapi. Upimeni msingi kabla haujafunikwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayejua kina chake. Pigeni picha zenye tarehe. Na msitie sahihi ya kukubali kazi wakati choo hakijachimbwa, hata mkibembelezwa kwamba kitakuja baadaye. Malipo ya mwisho yakishatoka, choo hakiji.

Hatua ya tisa: wakikunyamazia

Anza na ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Haki ya kuomba imo kwenye Katiba na kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, likielekezwa kwa karani. Litaje mlichokwisha kujaribu na majibu mliyopata, liseme kama suala liko mahakamani au haliko, limalizie kwa kile hasa mnachotaka bunge lifanye, kisha majina, namba za vitambulisho na sahihi au dole gumba. Zile barua zenye muhuri zinaambatishwa hapa.

Pesa zikionekana kulipwa na darasa halipo, hiyo ni kazi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na mnaweza kuwaandikia wakaguzi pia. Mkaguzi Mkuu hupaswa kukagua hesabu za kaunti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Barua yenye jina la mradi, namba ya kandarasi na picha ya kiwanja kitupu ikiwafikia kabla ya hapo, inaweza kuwaelekeza pa kuchimba.

Na kama shida yenu si chekechea bali zahanati isiyo na muuguzi, soko lisilo na choo, maji au taa za barabarani, kalenda ni ile ile, barua ni ile ile, na mikoba ya bajeti ni ile ile miwili. Badilisheni tu jina la idara. Barabara pekee ndizo zinazotaka uchunguzi wa ziada, kwa kuwa nyingine ni za kaunti na nyingine ziko chini ya mamlaka za barabara za kitaifa: KeRRA, KURA au KeNHA. Muulizeni msimamizi wa wadi kwa maandishi ni ya nani kabla hamjaanza kuwahesabu wanaoitumia.